Maswali ya Wasomaji: Ng'ombe Anapotoka Kwenye Kisanduku

Barua nne za toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zote zinagusa jambo moja: namna kompyuta inavyokifuata kitu kimoja ndani ya video iliyopigwa na ndege nyuki (droni). Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu tatizo lake ndilo linalowakuta wengi.

*Ndugu Mwalimu, mimi ni afisa ugani wa mifugo wilayani Mbarali. Kikundi cha wafugaji ninachofanya nacho kazi kimenunua ndege nyuki, nami niliirusha mita 100 juu ya kundi la ng'ombe karibu na Rujewa. Nilipunguza video hadi upana wa pikseli 1280 ili kompyuta yangu isizidiwe, nikachora kisanduku kumzunguka ng'ombe mmoja mweupe na kuiagiza programu imfuate. Baada ya sekunde chache kisanduku kilihamia kwa ng'ombe mwingine, na nilipojaribu tena kikaganda juu ya kichuguu. Tunataka kuhesabu kundi na kujua linapita wapi. Je, tununue kamera ya bei kubwa zaidi? — Afisa ugani, Rujewa*

Msinunue kamera kwanza. Kamera uliyoieleza katika ukurasa wa pili wa barua yako, yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya upana wa milimita 13.2 na lenzi ya fokasi (umbali kati ya lenzi na sensa) ya milimita 8.8, inatosha kabisa kwa kazi hii, na hasara kubwa imetokea pale ulipopunguza video.

Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu ni hesabu ambayo kila mrushaji anapaswa kuifanya kabla ya kuwasha mota. Zidisha upana wa sensa kwa urefu wa kuruka, kisha gawanya kwa fokasi ya lenzi: 13.2 mara 100, gawanya kwa 8.8, unapata mita 150. Huo ndio upana wa ardhi unaoingia kwenye picha moja, ikiwa kamera inatazama chini moja kwa moja na video inatumia upana wote wa sensa. Ukizigawanya mita hizo kwa pikseli 3840 za video kamili, yaani nukta ndogo zinazounda picha, kila pikseli inabeba karibu sentimita 4 za ardhi. Ukizigawanya kwa pikseli 1280 ulizobakiza, kila pikseli inabeba karibu sentimita 12. Ng'ombe mwenye urefu wa mita 2 na mgongo wa upana wa sentimita 60 anaonekana kwenye video kamili kama umbo la pikseli 51 kwa 15, lakini kwenye video yako alibaki pikseli 17 kwa 5. Jaribu kuchora ng'ombe kwenye daftari la hesabu kwa kupaka rangi viboksi 17 kwa 5, halafu mchore mwenzake pembeni, na kichuguu chenye rangi ya vumbi lile lile. Wewe mwenyewe hutawatofautisha, ingawa una macho ya mtu aliyekulia zizini.

Programu haina macho hayo, na haijui kwamba kile ilichokabidhiwa ni ng'ombe. Ulipochora kisanduku, ilichukua alama za rangi, kingo na mpangilio wa mwanga uliokuwa ndani yake, na katika kila fremu inayofuata, yaani kila picha moja moja inayounda video, inatafuta mahali panapofanana zaidi na alama hizo. Wala haitafuti kwenye picha nzima, kwa sababu kazi hiyo ingekuwa nzito. Programu nyingi za aina hii hutafuta kandokando ya mahali kitu kilipoonekana mara ya mwisho, kwenye eneo la mara mbili hivi au mbili na nusu ya kisanduku chenyewe. Hapo ndipo lilipo kosa la pili, nalo ni la urushaji. Umeandika kwamba uliizungusha ndege nyuki ili kundi lisitoke kwenye picha. Kwa kamera yako na video kamili, mzunguko wa digrii 30 kwa sekunde, ambao kwa mrushaji ni wa taratibu, unaisogeza picha kama pikseli 45 kati ya fremu moja na inayofuata, ikiwa kamera inatazama mbele na inapiga fremu 30 kwa sekunde. Ng'ombe anayetembea mita moja kwa sekunde husogea chini ya pikseli moja katika muda huo huo. Kwa maneno mengine, mnyama alikuwa amesimama karibu pale pale, na mkono wako juu ya rimoti ndio uliomtupa nje ya eneo la utafutaji, ambalo kwa upande mwembamba wa ng'ombe, yaani upana wa mgongo wa pikseli 15, linaishia pikseli 19 tu kutoka katikati.

Kwa hiyo rusha mita 50 au 60 badala ya 100, ukiwa umejaribu kwanza kwa mbali kuona kama mifugo inashtuka, maana ng'ombe wanaokimbia hawahesabiki na wanaweza kuumizana. Elekeza kamera chini moja kwa moja, simamisha chombo hewani, na liache kundi lipite chini yake. Ukilazimika kusogea, sogea polepole kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha. Ikiwa kompyuta inazidiwa, usipunguze picha nzima. Kata sehemu yenye kundi na uiache na pikseli zake zote. Programu nyingi zina pia hatua ya kusawazisha mwendo wa kamera: zinaokota alama zisizohama, kama mawe, vichaka na njia za ng'ombe, zinapima jinsi zilivyosogea kati ya fremu mbili, kisha zinaondoa msogeo huo kabla ya kumtafuta mnyama. Iwashe hatua hiyo. Kwenye mbuga tambarare za Usangu hufanya kazi vizuri sana, isipokuwa pale ardhi yote inapokuwa majani ya aina moja au maji yanayometa, kwa kuwa hapo hakuna alama ya kushika.

Kuhusu saa, mchana wa saa sita kivuli kinakaa chini ya tumbo, na ng'ombe anaonekana jinsi alivyo. Saa moja asubuhi kivuli ni kirefu kuliko mnyama, na nimeona kisanduku kikimwacha ng'ombe na kufuata kivuli chake kwa sababu kivuli ndicho kilichokuwa na kingo kali zaidi. Mwanga wa asubuhi unapendeza kwa picha za ukutani, lakini kwa kuhesabu subirini jua lipande.

Sasa nije kwenye lengo lenyewe, ambalo nadhani mmelifungia kwenye njia ngumu kuliko inavyohitajika. Kumfuata ng'ombe mmoja na kulihesabu kundi ni kazi mbili tofauti. Katika kazi ya pili kompyuta huwatambua ng'ombe wote upya katika kila fremu, kisha huoanisha visanduku vya sasa na vya fremu iliyotangulia. Mbinu iitwayo SORT, iliyotolewa mwaka 2016, hubashiri kila kisanduku kitakuwa wapi kwa kutumia kichujio cha Kalman, ambacho ni hisabati ya mwaka 1960, na kuoanisha kwa kanuni ya Kihungaria ya mwaka 1955. ByteTrack, iliyofuata miaka mitano baadaye, iliongeza jambo dogo lenye manufaa makubwa: visanduku ambavyo mashine haina uhakika navyo havitupwi papo hapo, bali vinajaribiwa kwanza kuoanishwa na wanyama waliokwisha kufuatiliwa. Ng'ombe aliyefunikwa nusu na vumbi ndiye anayeokolewa na hatua hiyo.

Hata hivyo, kundi la ng'ombe 200 linalosongamana litabadilishana majina kwenye kompyuta yoyote, na kila jina likibadilika hesabu inaongezeka kwa uongo. Ushauri wangu ni kwamba mhesabu pale wanapopita kwa safu, yaani kwenye mlango wa zizi au njia ya kuingilia josho. Simamisheni chombo juu ya mlango huo, chora mstari mmoja kwenye picha, na hesabu ni ya kila kisanduku kinachouvuka kwa upande mmoja. Programu itahitaji kumshika kila ng'ombe kwa sekunde tatu au nne tu, na kosa lake halitabebwa mbele. Mtu mmoja ahesabu kwa mkono siku hiyo hiyo, ili mjue mashine inakosea kwa kiasi gani na inakosea upande gani.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kompyuta hapa Mbeya na ninaandaa mradi wa mwisho kuhusu kufuatilia vitu kwenye video za ndege nyuki. Wenzangu wananiambia mbinu za zamani zimekufa na kila kitu sasa ni mitandao ya neva. Nitumie ipi, na nitathibitishaje kwamba inafanya kazi? — Mwanafunzi, Mbeya mjini*

Marahaba. Hazijafa. Kichujio cha MOSSE, yaani hesabu inayotafuta kwenye picha mahali panapofanana na kitu ulichokichagua, kilitolewa mwaka 2010 na kilikimbia fremu 669 kwa sekunde kwenye kompyuta za wakati ule, na mpaka leo ukitaka kifuatiliaji cha kuweka kwenye kompyuta ndogo inayobebwa angani, ambako kila gramu na kila wati ya betri ina bei yake, jamii hiyo ya vichujio bado inastahili kupimwa. Mitandao ya neva ya Siamese, iliyopata nguvu kuanzia SiamFC ya mwaka 2016, hulinganisha picha ya kitu ulichokichagua na eneo la utafutaji kwa alama ilizojifunza kutoka kwenye video nyingi mno, na kwa kawaida hustahimili vizuri zaidi kitu kinapogeuka au mwanga unapobadilika. Anza na zote mbili kwenye video zako mwenyewe, na uandike matokeo ya zote mbili hata kama ile ya zamani itashinda.

Kipengele kimoja cha MOSSE nataka ukisome kwa makini, kwa sababu kinafundisha tabia ambayo vifuatiliaji vingi vipya vinaikosa. Kila baada ya kutafuta, kichujio hupima jinsi kilele cha jibu lake kilivyo kirefu kuliko majibu ya pembeni. Waandishi wake walieleza kwamba kipimo hicho huwa kati ya 20 na 60 mambo yanapokwenda vizuri, na kikishuka karibu na 7 ni dalili kwamba kitu kimefichwa au kimepotea. Hapo kichujio huacha kujifunza, kikisubiri kitu kionekane tena. Kifuatiliaji kinachoweza kusema "nimempoteza" kina thamani kubwa kwangu kuliko kile ambacho daima kina kisanduku mahali fulani, maana kisanduku kilichoganda juu ya kichuguu huko Rujewa kingeingia kwenye ripoti ya mtu kama ng'ombe aliyelala.

Kuhusu uthibitisho, utakutana na seti mbili kubwa za data. UAV123, ya mwaka 2016 kutoka chuo kikuu cha KAUST cha Saudi Arabia, ina video 123 zenye fremu zaidi ya 110,000. VisDrone, ya Chuo Kikuu cha Tianjin, ina vipande 288 vya video vyenye fremu 261,908, vilivyopigwa katika miji 14 ya China. Zitumie kujifunza, lakini usidhani zitakusemea kuhusu mahali hapa: magari, baiskeli na watembea kwa miguu wa mitaa ya lami hawafanani na bajaji ya Mwanjelwa iliyopakia viazi juu ya barabara ya vumbi, achilia mbali mbuzi. Piga video zako, weka visanduku kwa mkono, na unapozigawa kati ya kufundishia na kupimia, gawa kwa safari nzima za kuruka. Ukizichanganya fremu za safari moja pande zote mbili, mashine itapimwa kwa picha ambazo karibu zote imekwisha kuziona, na alama zako zitapanda bila sababu ya kweli.

Jihadhari pia na kipimo chenyewe. Desturi ya miaka mingi katika fani hii ni kuhesabu fremu kuwa sahihi ikiwa katikati ya kisanduku iko ndani ya pikseli 20 kutoka katikati halisi ya kitu. Kwa gari linalojaza robo ya picha, hicho ni kipimo kikali. Kwa ng'ombe wa pikseli 17 wa afisa ugani wetu, kisanduku kinaweza kuwa nje kabisa ya mnyama, kiko juu ya majani matupu, na bado kikapewa alama kamili. Tumia uwiano wa eneo linaloingiliana kati ya kisanduku cha mashine na kile cha mkono, au pima kosa kwa kulilinganisha na ukubwa wa kitu, na kwenye ripoti yako onyesha matokeo ya vitu vidogo peke yake. Msimamizi wako akikuuliza kwa nini alama zako ni ndogo kuliko za wengine, mwonyeshe fremu kumi.

*Kamwene. Nina malori mawili ya mizigo na ninatengeneza video za kufundishia madereva wapya jinsi ya kushuka Kitonga. Ndege nyuki yangu ina uwezo wa kufuata gari yenyewe, lakini kwenye mlima kisanduku kinakuwa kidogo kuliko lori, na gari likipita chini ya miti inalipoteza kabisa. — Mmiliki wa malori, Iringa*

Kamwene. Kwanza kabisa, kwenye barabara yenye magari mengi kama ile, chombo kikae pembeni ya barabara na si juu yake, na mtu wa pili awe na kazi moja tu ya kukitazama kwa macho. Kukiachia kijiendeshe chenyewe pale Kitonga, kwenye kona, miamba na miti, ni hatari ambayo video haiilipi.

Kuhusu kisanduku: urefu unaouona kwenye rimoti kwa kawaida hupimwa kutoka mahali ulipoanzia kuruka, wala si kutoka ardhi iliyo chini ya chombo wakati huo. Ukianzia bondeni ukaweka mita 80, kisha ukafuata lori linalopanda hadi ardhi imeinuka mita 50, umebaki mita 30 tu juu yake, na lori linaonekana kubwa zaidi ya mara mbili na nusu ya mwanzo. Kifuatiliaji kisichorekebisha ukubwa wa kisanduku kitabaki kimeshika mlango wa kebini ya dereva au kona ya turubai, kikidhani hilo ndilo gari. Chagua mpangilio unaorekebisha ukubwa, au, kwa video ya mafunzo, ruka kutoka sehemu moja ya kati ambayo umbali wake na barabara haubadiliki sana.

Kuhusu miti, kinachotokea ni kwamba kifuatiliaji hujifunza upya sura ya kitu katika kila fremu. Lori likiingia chini ya matawi, kinajifunza matawi, na lori likitoka upande wa pili hakilitambui tena kwa sababu kwa wakati huo kinaamini kwamba kinachofuatwa ni kijani. Kwenye video uliyokwisha kuipiga kuna dawa: igawe video pale lori linapofichwa, anza kisanduku kipya linapotokea, kisha unganisha njia hizo mbili kwa mkono. Kwa lori linaloteremka kwa gia nzito mwendo haubadiliki ghafla, kwa hiyo mstari ulionyooka kati ya kuingia na kutoka hautapotoka sana.

*Mwanangu, mimi ni bibi wa miaka 71, nina shamba la chai na migomba huku Tukuyu. Kuna kijana anarusha hicho kidude juu ya mashamba yetu, na wajukuu wananiambia kinaweza kumfuata mtu popote na kumjua. Nikiwa navuna chai nikakisikia, naingia ndani. Je, ni kweli? — Bibi wa Tukuyu*

Shikamoo Bibi. Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili si kweli kwa namna wanavyoisema. Ndege nyuki nyingi zinazouzwa madukani zinaweza kumfuata mtu, lakini kinachofuatwa ni rangi ya khanga yako, umbo lako na mwendo wako. Jina lako na sura yako hazimo. Ukiingia chini ya migomba kifuatiliaji kitakupoteza kama kinavyolipoteza lori la msomaji aliyetangulia, na akitokea jirani yako mwenye khanga ya rangi hiyo hiyo kinaweza kumfuata yeye.

Lakini sitaki uishie hapo ukatulia, kwa sababu anayeshika rimoti ni mtu, naye anaweza kukujua. Video inabaki kwake, anaweza kuitazama mara nyingi na kumwonyesha anayemtaka, na mashine ikiwa imemrahisishia kukuweka katikati ya picha, kosa ni lake yeye. Huna wajibu wa kuingia ndani kwa sababu yake. Anayerusha chombo hicho anatakiwa awe na kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo haikuwaacha nje watu wa vijijini.

Anza kwa mazungumzo: mwambie mjukuu mmoja aende kwa kijana huyo amuulize anapiga picha za nini, kwani huenda amepewa kazi ya kupima mashamba na hajui kwamba anawatia watu hofu. Akikataa kueleza, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Kila unapokisikia, mjukuu akuandikie siku, saa, na upande kilikotokea, ikiwezekana na rangi yake. Vyombo vingi hujiandikia vyenyewe saa na mahali vilipopita, na mtendaji akimtaka kijana aonyeshe kumbukumbu hizo ataweza kuzilinganisha na daftari lako.